Tazama Pia 532

Siku zile habari zilifika kwa zamu. Ya kwanza ilikuwa redio: taarifa ya saa mbili usiku kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa wenye betri za kutosha, Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Siku mbili baadaye, pengine tatu, likaja gazeti, limeshushwa kwenye basi, kona zimekunjamana na ukurasa wa michezo mtu keshauchomoa njiani. Kitabu kilikuja mwisho, au ndivyo tulivyodhani sisi. Mama aliyetunza maktaba ya chuo chetu cha ualimu, huko Kanda ya Ziwa, aliamini kinyume chake. Kwake kitabu kilikuwa kimeshatangulia. Kilikuwa rafuni tangu mwaka 1974, kinangoja tukio lake litokee.

Nilikuwa mwanachuo pale kuanzia katikati ya mwaka 1994 hadi 1996. Maktaba ilikuwa chumba kimoja kirefu chini ya bati, mvua ikinyesha hamsikilizani. Ilikuwa na rafu za mbao, kabati la droo za kadi za katalogi, ramani ya Afrika iliyochanika katikati ya Chad, na meza. Meza hiyo ilisimama kati ya mlango na daftari la kusaini. Huwezi kuazima kitabu bila kusaini, huwezi kusaini bila kuipita, na kuipita ni lazima ujibane ubavu. Wakufunzi walilalamika mara kwa mara kwamba imekaa vibaya. Mama Maktaba, ndivyo tulivyomwita, aliwasikiliza kwa adabu zote na hakuisogeza hata inchi moja.

Kila Jumatatu alfajiri, kabla hatujatoka bwenini, aliipanga upya. Katikati aliweka karatasi ya manila yenye swali moja kwa kalamu ya wino mzito, maana hakupenda vichwa vya habari. Alisema kichwa cha habari kinakufungia mlango. Chini ya swali alibandika vipande vya magazeti, na kama magazeti mawili yalisimulia jambo moja kwa namna mbili, yalikaa bega kwa bega. Mbele yake vitabu vitatu au vinne, kila kimoja kimefunguliwa kwenye ukurasa wake. Kisha, kwenye vikadi alivyovikata kutoka migongo ya kadi mbovu za katalogi, aliandika: tazama pia. Tazama pia 325. Tazama pia 967.571. Namba tupu za Dewey, zile za kupangia vitabu rafuni, bila jina la kitabu wala la mwandishi. Ukitaka kujua ni nini, nenda ukaone.

Nilipofika, meza ilikuwa ya wakimbizi. Mwezi Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walikuwa wamevuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu, na kambi ya Benaco ilikuwa imegeuka mji kabla hatujajua kulitamka jina lake. Baadhi yetu tulitoka Ngara na Biharamulo. Nyumbani kwetu misitu ilikuwa inakatwa kuni na bei ya ndizi ilikuwa imepanda. Tulikuwa na maoni, na hayakuwa mazuri. Mama Maktaba aliweka Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi ya miaka ya sitini, nchi yetu yenyewe ilivyoitunga, na pembeni yake Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969. Akaweka kitabu cha historia kilichofunguliwa mahali Wabelgiji walipoanza kuwaandikia Wanyarwanda kabila kwenye vitambulisho, miaka ya thelathini. Na kipande kimoja cha gazeti alichokipigia mstari kwa penseli: ndege ya rais wa Rwanda iliyotunguliwa Kigali tarehe 6 Aprili ilikuwa inarudi kutoka Dar es Salaam, kwenye kikao. Swali lake kwenye manila lilikuwa: "Hili la kwao limeanzia wapi, na sisi tumo?" Sikuwahi kuwaza kwamba tumo.

Lakini meza ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Mei 1996.

Meli ya MV Bukoba ilizama Jumanne asubuhi, tarehe 21, ikikaribia Mwanza. Tangu asubuhi ile hakukuwa na darasa. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo, bendera nusu mlingoti. Wanachuo wa kutoka Kagera walikaa kuizunguka redio ya bwalo, na kila jina lililotajwa kulikuwa na mtu aliyelijua. Ilisemekana meli iliyojengewa abiria 430 ilibeba watu wengi zaidi ya hao. Kisha zikaanza kufika habari za lile tundu. Meli ilikuwa imepinduka lakini bado inaelea tumbo juu, watu wako hai ndani wanagonga chuma, waokoaji wakalitoboa tumbo ili wawatoe. Hewa ikatoka. Meli ikaenda chini.

Jumatatu iliyofuata sikutarajia kukuta kitu mezani. Nilidhani msiba utaheshimiwa kwa kuiacha tupu. Nilikuta ramani ya ziwa, magazeti yote aliyoweza kuyapata, na katikati kitabu cha fizikia cha Abbott, kilekile tulichokichukia tangu kidato cha tatu, kimefunguliwa kwenye sura ya vitu vinavyoelea. Kikadi: tazama pia 532. Swali: "Kwa nini kilichokuwa kinaelea kilizama?"

Baadhi ya wenzetu walikasirika. Mmoja alisema waziwazi kwamba huo ni ukatili, watu wanalia yeye analeta Archimedes. Mama Maktaba hakujibu. Mwenzetu mwingine, kutoka Muleba, aliyekuwa hajapata habari za mjomba wake, alisimama mbele ya kitabu kile kwa muda mrefu mno. Kisha akauliza bila kumtazama mtu:

"Mama, kwa hiyo lile tundu ndilo lililowaua?"

"Mwanangu, mimi ni mtu wa vitabu tu. Ngoja nikuitie anayejua."

Akamtuma mtu kwa mkufunzi wa fizikia. Mkufunzi akaja na karai la maji, kopo tupu la maziwa ya unga na msumari. Akalizamisha kopo likiwa limepinduliwa, mdomo chini. Likagoma, likawa linasukuma kiganja chake kurudi juu. Akasema, hewa imo ndani, haina pa kwenda. Akalitoboa kitako kwa msumari. Tulisikia hewa inavyopumua. Kopo likajaa, likazama taratibu, likatulia chini ya karai. Akaanza kueleza kitovu cha uzito, namna mizigo ikikaa juu na watu wakikimbilia upande mmoja chombo hupoteza mizani hata kabla hakijazidiwa, na kwa hiyo swali la tundu linakuja baada ya maswali mengine mengi: nani aliihesabu mizigo, nani aliikagua meli, nani aliiruhusu itoke. Yule wa Muleba akayaandika maswali hayo kwenye daftari, yote. Baadaye, Tume ya Jaji Robert Kisanga ilipoundwa kuchunguza ajali ile, tulikuwa tunajua ni mambo gani tunangoja kuyasikia kwao. Sidhani kama mtu yeyote katika chumba kile aliwahi tena kukiita kitabu cha Abbott kitabu cha mtihani.

Ninaposimulia haya kwa wadogo zangu kazini, wananitazama kama mzee anayesifia viazi vya njaa. Kwa hiyo niseme na upande wa pili, nao ni mzito.

Meza ile ilikuwa maskini. Kitabu kilikuwa kimoja, nasi tulikuwa mamia. Nusu ya vitabu vilikuwa msaada: vya Waingereza waliokuwa wamevichoka, na vya Moscow vilivyopigwa chapa na dola ambayo haikuwepo tena. Mwaka 1995 atlasi yetu bado ilikuwa na Umoja wa Kisovyeti, mwekundu, mkubwa, mzima wa afya. Na meza iliyowekwa hadharani ina mambo isiyoweza kuyasema. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983, na hapakuwa na familia ya Kanda ya Ziwa isiyozika. Kila Desemba Mama Maktaba aliweka vijitabu vya wizara, na hiyo ndiyo wiki ambayo tuliipita meza kwa haraka kuliko zote. Nani asimame pale, macho ya bweni zima yako mgongoni, asome dalili? Vijitabu vilibaki vipya. Leo kijana anasoma hayo usiku kwenye simu yake, peke yake chini ya shuka, na hakuna anayemhesabia. Hapo sina la kubisha.

Kisha kulikuwa na woga. Oktoba 1995 tulifanya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo wa chama kimoja uondolewe mwaka 1992. Magazeti yalikuwa yamechipuka kila kona, Majira, Rai, Nipashe, na Uhuru halikuwa peke yake tena. Meza ya wiki ile ilikuwa imejaa mpaka vitabu vikawekwa kwenye kiti. Zanzibar ilitangazwa kwanza: asilimia 50.2 kwa Salmin Amour, 49.8 kwa Seif Sharif Hamad. Mama Maktaba aliyabandika magazeti mawili yaliyoandika tofauti kabisa kuhusu hesabu hiyo, na kati yao kikadi: tazama pia 324. Mkuu wa chuo aliingia, akasoma akiwa amefunga mikono nyuma, akatoka bila neno. Kesho yake gazeti moja halikuwepo. Mahali lilipokuwa palikuwa na Katiba ya Jamhuri ya Muungano, imefunguliwa kwenye ibara ya 18. Haikuwa na kikadi. Nilimwuliza kwa sauti ya chini:

"Shikamoo mama. Lile la jana liko wapi?"

"Marahaba. Lipo kwenye droo yangu. Anayeliomba kwa jina nampa, asiyeliomba anasoma hilo lililo mezani."

Nilisoma lililo mezani. Ibara hiyo inahusu uhuru wa mawazo na wa kupata habari. Kisha nikaliomba la kwenye droo kwa jina.

Sasa nafundisha katika chuo kingine, cha mjini, na maktaba yetu ni ya ghorofa. Sio kama ile mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018 ikiwa na nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, lakini kwa kiwango chetu ni jengo la kupeleka wageni. Katalogi iko kwenye programu ya Koha, droo za kadi hazipo. Mkutubi wetu ni kijana aliyesoma ukutubi Bagamoyo, mpole, hodari, asiyelala. Yeye hana meza. Ana kile anachokiita mwongozo wa mada: ukurasa kwenye tovuti ya maktaba, ambamo kila tukio kubwa linapotokea anakusanya makala za majarida, ripoti, sheria, ramani na video, na kuvipanga. Mlangoni kuna bango lenye msimbo wa QR. Unauelekezea simu, unafika.

Alinionyesha mwongozo wa Hanang. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Kijana yule hakungoja Jumatatu. Usiku uleule alikuwa ameshaweka utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu mvua za El Niño, picha za setilaiti za eneo lile, makala za kitaalamu kuhusu miamba ya ule mlima wa volkano, na Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022. Baadaye, wataalamu wa jiolojia walipoeleza kwamba hakukuwa na mlipuko wa volkano, bali sehemu ya mlima ilinyonya maji ikameguka, aliyaweka hayo juu kabisa. Nilisoma kila kitu. Kwa haki ya Mungu, ilikuwa kazi bora kuliko meza yoyote ya Mama Maktaba. Angeiona, angeomba afundishwe.

Wiki ile niliingia darasani na kuuliza kilichotokea Hanang. Darasa zima lilinijibu: volkano imelipuka, mwalimu. Wengi walikuwa wamesikia sauti iliyorushwa kwenye makundi ya WhatsApp, mtu asiye na jina, anayehema, anayesema ameona moto. Nikauliza nani amefungua mwongozo wa maktaba. Mikono miwili ikainuka, na mmoja ulikuwa wa mchumba wa mkutubi.

Si wavivu hawa, na sipendi wanavyosemwa. Wanasoma kuliko tulivyosoma sisi; wanasoma kutwa. Ila sauti ile ya WhatsApp ilikuja yenyewe, bure, imeletwa na rafiki. Makala ya miamba inahitaji bando, na ukiwa nje ya chuo inahitaji nywila, na ukisahau nywila inakutaka uende ofisi ya TEHAMA kati ya saa tatu na saa sita. Habari inamfuata mtu mpaka kitandani. Maarifa ya kuipima yanakaa nyumbani kwake yanangoja kutembelewa, na ngazi tumeipaka sabuni.

Meza ya Mama Maktaba ilikuwa na sifa moja ambayo sikuitambua kwa miaka mingi kwa kuwa ilifanana na kasoro. Ilikuwa njiani. Hukuichagua. Ulikwenda kusaini kitabu cha mbinu za kufundishia, ukajikwaa kwenye mkataba wa wakimbizi. Na ulipojikwaa, kulikuwa na mwingine amejikwaa papo hapo, mwenye maoni tofauti, na hamkuweza kupishana mpaka mmoja aseme jambo. Mwongozo wa kijana wetu haumzuii mtu kupita. Unafunguliwa na anayeutaka, na anayeutaka huwa ni yule ambaye hauhitaji sana.

Kuna na hili la kudumu. Nilimwomba anifungulie mwongozo wake wa mwaka 2020, wa korona, mwaka vyuo vilipofungwa Machi na kufunguliwa Juni. Viungo vingi vilikuwa vimekufa: ukurasa haupatikani, ukurasa umehamishwa, tovuti inauzwa. Kile cha takwimu za nchi kilikuwa cha kwanza kufa, maana takwimu zenyewe ziliacha kutolewa mwaka uleule. Kijana alisikitika kweli, maana alikuwa ameupanga kwa usiku mwingi.

Nikajiambia kwamba angalau karatasi hubaki. Vipande vya magazeti vya Mama Maktaba vilihamishwa kutoka mezani kwenda kwenye mafaili ya sanduku, kila mada na faili lake, mgongoni kumeandikwa kwa mwandiko ule wa shule ya misheni. Miaka michache iliyopita nilikwenda kwenye chuo chetu cha zamani kumuaga mwenzetu aliyekuwa anastaafu. Niliingia maktaba, nikakuta mahali pa meza pana mashine ya fotokopi, nikauliza mafaili. Nikaelekezwa uhasibu. Yalikuwa yamepangwa vizuri kabisa, MV BUKOBA, UCHAGUZI 95, WAKIMBIZI, yote yamejaa stakabadhi za ada. Vipande vyenyewe viliuzwa kwa kilo wakati wa ukarabati, mhasibu alinieleza bila ubaya wowote, maana masanduku yalikuwa bado mazima na ofisi ilikuwa na upungufu.

Kwa hiyo sio kwamba nataka turudi. Mama Maktaba ameshafariki, Mungu amrehemu, na magazeti ya karatasi chuoni kwetu sasa yanakuja mawili tu, tena moja ni la matangazo ya zabuni. Ninachomwandama nacho mkutubi wetu ni kidogo: chapisha ukurasa mmoja wa mwongozo kila wiki, weka swali juu, weka kitabu halisi kimefunguliwa, na ukiweke mahali ambapo mtu hawezi kukikwepa. Alinisikiliza kwa adabu ileile. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

"Sawa mwalimu, lakini ni wapi? Mlangoni wanapita wameziba masikio. Daftari la kusaini hatuna tena, wanagusisha kitambulisho. Rafuni hawaendi."

Tukazunguka jengo lote, ghorofa kwa ghorofa, tukitafuta mahali wanapolazimika kusimama. Tulipapata ghorofa ya kwanza, nyuma ya vyoo, kwenye ukuta wenye soketi pekee zinazofanya kazi. Walikuwa wamesimama pale kumi au zaidi, simu zimechomekwa, kila mmoja akilinda ya kwake, hawana pa kwenda mpaka chaji ijae. Kijana akapima ukuta kwa hatua. Ameandika ombi la meza moja ya mbao, futi nne kwa mbili, na waya wa soketi sita. Kitengo cha ununuzi kimemrudishia fomu: wanataka aeleze meza hiyo ni ya matumizi gani, kwa sababu kwenye orodha ya vifaa vya maktaba haimo.